Fundi wa Isiolo aliyechagua mashine inayogoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lochoro Esekon anavaa karatasi ya plastiki ya mkate mkononi kama glavu, anafumba macho, na kuanza kupapasa boneti ya pikapu nyeupe. Anaenda polepole, kutoka kwenye kioo hadi kwenye taa, kama mganga anayetafuta mahali panapouma.

"Ukipitisha mkono mtupu utasema gari imeoshwa ikaisha," anasema, macho bado yamefumba. "Sasa pitisha na karatasi ya mkate. Utasikia mchanga unakusalimia."

Leo mchanga unasalimia kwa sauti. Pikapu imetoka Oldonyiro jana jioni na imekuja na nusu ya barabara.

Hatua tatu kutoka hapo, mwenye gari amekalia mtungi wa lita ishirini uliogeuzwa chini juu. Ni Umuro Bonaya, mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Chai aliyoletewa inapoa miguuni pake. Anamtazama Esekon jinsi msimamizi wa mtihani anavyomtazama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi mwaka jana.

"Mzee, kunywa chai," Esekon anamwambia.

"Nikiangalia chini utafanya nini?" Umuro anajibu. "Wewe endelea. Mimi niko."

Ana sababu ya kukaa macho. Wiki saba zilizopita, papa hapa, Esekon alimfanyia gari hili jambo ambalo soko zima la mifugo la Isiolo bado linalicheka. Tangu siku hiyo hakuna mfanyabiashara wa mifugo aliyekubali mashine yoyote ya fundi huyu iguse gari lake. Na wafanyabiashara wa mifugo, kwa mtu anayeishi kwa kung'arisha magari kando ya lami ya kwenda Moyale, ndio mji wenyewe.

Asubuhi hii Umuro amerudi. Amempa Esekon nafasi moja, na hajaficha kwamba ni moja.

"Nimekuja kuona," anasema. "Akiharibu, ataosha pikipiki mpaka azeeke."

Esekon, mwenye miaka thelathini na sita, hakuanza maisha na karatasi ya mkate. Babu yake alikuja Isiolo akichunga mifugo ya watu wengine na akabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa Bulla Pesa, akaacha shule darasa la saba, akachimba mchanga, akabeba mawe, kisha akawa tanboi, yaani utingo, kwenye lori za mifugo. Kazi ya tanboi iliisha siku ng'ombe dume mmoja aliposhuka lori kabla ya ngazi na kutua juu ya mguu wake wa kushoto.

"Daktari aliniuliza, ng'ombe alikuwa kilo ngapi," anakumbuka, akicheka. "Nikamwambia, daktari, mimi sikuwa upande wa mizani, nilikuwa upande wa chini."

Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo. Kubeba hakukuwezekana tena, ila kusimama na ndoo kuliwezekana. Huo ulikuwa mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Ghafla Isiolo ikajaa magari: ya ofisi, ya wanakandarasi, ya watu waliokuja kutafuta zabuni, na ya watu waliokuja kuwatafuta waliopata zabuni. Yote yalikuwa na vumbi. Esekon alikuwa na ndoo mbili na kitambaa kilichowahi kuwa shati la sare ya shule ya binti yake.

Miaka sita baadaye ana pampu ya maji, tangi, na bango lililoandikwa kwa mkono. Gari dogo analiosha kwa shilingi mia mbili, pikapu mia tatu. Siku nzuri anaosha magari manane. Siku ya mvua, ambayo Isiolo huwa haiji mara nyingi kiasi cha kulalamikia, haoshi hata moja.

Lakini kuosha hakumalizi shida ya gari la huku. Gari linaloenda Gotu au Leparua hupita katikati ya miiba, na miiba haijui kwamba rangi ni ghali. Kila mti wa kando ya njia huandika kitu mlangoni. Baada ya mwaka mmoja, gari jeupe huwa limejaa mistari ya kijivu, na mwenyewe akitaka kuliuza anaambiwa bei ya punda.

Mistari hiyo ndiyo iliyomfungua macho Esekon. Alianza kuitoa kwa mkono, kwa kitambaa na dawa ya kukwangua inayouzwa kwenye mikebe madukani mwa vipuri. Pikapu moja ilimchukua siku mbili na kumlipa elfu mbili na mia tano. Ilimwachia pia mabega ambayo mkewe, Florence, alikuwa akiyasugua kila jioni.

"Nilimwambia, wewe unang'arisha gari za watu, na mimi nakung'arisha wewe," anasema Florence, anayeuza mboga na mandazi meza tatu kutoka kwenye tangi la maji. "Na mimi hakuna anayenilipa elfu mbili na mia tano."

Ikawa lazima kununua mashine. Na hapo, kama ilivyo kwa mtu anayetaka mashine na bado hana, Esekon akaazima.

Jirani yake, Mutembei, ni mpiga rangi wa magari kutoka upande wa Meru. Ana mashine nzito ya kupolishi, ile inayozunguka kama jiwe la kunolea panga, na huitumia kulainisha rangi mpya aliyoipiga yeye mwenyewe. Esekon alimwomba siku moja tu. Gari la siku hiyo lilikuwa la Umuro, aliyekuwa akijiandaa kwa arusi ya binti yake na alitaka gari liingie uwanjani likimeta.

Umuro aliacha ufunguo, akasema mikwaruzo yote itolewe, akaenda kuswali swala ya Ijumaa.

Esekon aliwasha mashine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkwaruzo ulitoka kabla hajamaliza kuulaani. Boneti ikang'aa. Mlango wa kushoto ukang'aa. Alipofika mlango wa dereva, chini ya kishikio, akakuta mkwaruzo wa ajabu: duara lisilofungika, na mistari miwili inayolikata kwa chini.

"Nikasema, huu si mwiba. Huu ni mtoto na msumari," anasimulia. "Nikaukasirikia kwa niaba ya mzee. Nikaulalia na mashine dakika arobaini. Ulikuwa mgumu! Ulipotoka nilirudi nyuma nikajisifu. Kwa gari yote, ni hapo tu nilijisifu."

Umuro alirudi kutoka msikitini, akazunguka gari lake mara moja, akatabasamu. Akazunguka mara ya pili, akasimama mlangoni.

"Iko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Alama yangu."

Ilikuwa alama ya mifugo ya ukoo wa Umuro, ile ile inayowekwa kwa chuma cha moto kwenye ngozi ya ng'ombe zao. Umuro aliichora mwenyewe mlangoni kwa msumari siku aliyonunua gari. Pikapu za wafanyabiashara wa mifugo Isiolo karibu zote ni nyeupe na karibu zote ni za aina moja, na vijana wanaoswaga mbuzi kutoka porini hawana haja na namba za usajili. Wanatafuta alama. Wakiiona, wanapakia.

"Hakupiga kelele," anasema Esekon. "Afadhali angepiga. Aligusa hapo kwa kidole, akaangalia kidole, akaingia kwa gari."

Jambo lenyewe halikuishia kwenye hasira ya mzee mmoja. Wiki iliyofuata, vijana waliotoka Gotu na mbuzi thelathini na wawili wa Umuro walifika sokoni, wakakagua pikapu nyeupe moja baada ya nyingine, wakakosa alama, wakachoka. Mwishowe walimpakilia mwenye bucha mmoja aliyekuwa na pikapu nyeupe na uso wa upole. Mbuzi walipatikana kwenye geti, gari likiwa limeshawashwa.

Mwenye bucha aliapa kwamba alidhani ni zawadi.

Soko likapata chakula cha mdomo cha mwezi mzima. Watu walipita pale kwa Esekon wakificha vitambulisho vyao mifukoni, wakisema wasije wakafutwa majina. Mmoja alileta punda, akauliza kama anaweza kutolewa milia. Alipoambiwa punda wake hana milia, akasema, "Basi umeshapita hapa."

Esekon alicheka nao, maana hakuwa na la kufanya. Lakini kicheko hicho kilikuja na sentensi moja aliyoisikia kutoka kwa kila mwenye pikapu: maji tu, mashine hapana.

"Na walikuwa na haki," anasema. "Si alama peke yake. Nilipoangalia vizuri, pale nilipolalia, rangi ilikuwa imeisha. Ile ya chini ya kijivu ilikuwa inachungulia. Ningeendelea dakika mbili ningemwona mzee akiwa ameketi ndani."

Mutembei, aliyempa mashine, anatikisa kichwa akikumbuka. "Mashine yangu haina makosa. Ni kama moto. Ukiiweka mahali pamoja inapika," anasema. "Nilimwambia aisogeze. Yeye aliipiga kambi."

Mutembei ndiye aliyeupiga rangi upya mlango ule. Esekon alimsaidia kusugua magari yake wiki mbili ili kufidia kazi hiyo. Rangi ilipokauka sawasawa, Umuro alikuja na msumari, akachora alama yake upya, akaondoka.

Kilichobaki kilikuwa ni kununua mashine, na safari hii kuchagua.

Isiolo mjini, Mugure, mama anayeuza vipuri na vifaa vya gereji tangu alipohamia kutoka Karatina miaka mitano iliyopita, alikuwa na aina mbili kwenye rafu. Ya kwanza ilikuwa nzito kama ya Mutembei. Ya pili ilikuwa nyepesi, na sahani yake huzunguka huku ikitikisika huku na huku, kama mtu anayekataa kwa kichwa na kukubali kwa mwili.

"Baba Akiru, mwanamume anachukua hii," Mugure alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake na kugonga ile nzito. "Nimeuza nne mwaka huu. Hiyo ingine sijauza hata moja. Ona vumbi."

"Kwa nini haiuziki, Mama Wendy?"

"Ni ya pole pole. Tena ni bei. Watu wanaijaribu wanasema haina nguvu."

Nzito ilikuwa elfu tisa na mia tano. Nyepesi ilikuwa elfu kumi na tatu na mia nane. Esekon alikuwa na elfu kumi na tano, zilizokusanywa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na alihitaji pia sponji, dawa na waksi. Akilini mwake jibu lilikuwa limeshapatikana: nzito, halafu ajifunze kuisogeza.

Kilichomzuia ni boneti kuukuu iliyokuwa imeegemea ukuta nyuma ya duka, ya gari lililopata ajali. Alimwomba Mugure ruhusa ya kujaribia hapo. Mugure akatoa waya wa stima kupitia dirishani.

"Alikaa huko nyuma mpaka nikafikiri amenitoroka na mashine zote mbili," anasema Mugure. "Kumbe yuko magoti, anashika boneti na nyuma ya mkono kama mama anapima homa ya mtoto."

Alikuwa anapima homa kweli. Akiiweka nzito mahali pamoja akahesabu hadi kumi, boneti ilichoma. Akiiweka nyepesi, akahesabu hadi kumi, ilikuwa vuguvugu. Kisha akafanya lile alilolifanya kwenye mlango wa Umuro: akailalia kwa uzito wake wote.

Nzito ilikaza mwendo ikaendelea kula. Nyepesi ilitikisika, ikaguna, na sahani ikaacha kuzunguka.

Esekon aliinuka kidogo. Ikaanza kuzunguka. Akailalia tena. Ikagoma tena.

"Hapo nikaielewa," anasema. "Watu wanasema haina nguvu. Mimi nikaona iko na akili. Ile nzito itafanya chochote nitakachoiambia, hata upuzi. Hii nikikosea inakataa. Na mimi najijua. Mimi ni mtu wa kukosea."

Mugure anasema hajawahi kuona mteja akifurahi hivyo kwa sababu mashine imesimama. Alimpunguzia mia tatu, nusu kwa huruma na nusu kwa furaha ya kuona rafu ikipata nafasi.

Ilibaki waksi, ile inayopakwa mwisho ili rangi ilindwe na jua na maji yateleze. Mugure alikuwa na mkebe wa waksi ngumu, uliokuwa na picha ya gari jekundu linaloonyesha mawingu, na chupa ya waksi ya maji maji isiyo na picha yoyote. Esekon, kama binadamu yeyote, alitaka mawingu.

Lakini mtu aliyechekwa mwezi mzima haamini picha haraka. Alinunua chupa, akaomba achotewe kijiko kimoja cha ile ngumu kutoka kwenye mkebe ambao Mugure alikuwa ameufungua kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Akapaka zote mbili kwenye mfuniko wa tangi lake la maji, kila moja upande wake, akauacha mfuniko kando ya barabara siku tatu.

Upande wa waksi ngumu aliupaka saa saba mchana kusudi, jua likiwa kichwani. Ilikauka kabla hajaifuta, ikashika kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Siku ya tatu vumbi lilikuwa limejikalia juu yake kama sukari juu ya andazi. Upande wa chupa ulikuwa na vumbi pia, maana hii ni Isiolo, lakini kitambaa kikavu kilipita mara moja na likaondoka.

"Gari la jiji lingefurahia ile ya mkebe," anasema Esekon. "Linalala ndani, linatoka likienda kanisani. Gari ya huku inahitaji kitu hakishikani na vumbi. Kung'aa ni kuzuri, lakini kung'aa siku moja halafu ufagie mlango na kitambaa chenye mchanga, hapo unajikwaruza mwenyewe."

Kuhusu sponji, zile zinazobandikwa kwenye sahani ya mashine, Mugure alimshauri achukue pia pedi ya manyoya ya kondoo. Esekon aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Kondoo wa Isiolo wana nywele fupi kama za mbuzi, na manyoya hayo yalikuwa yametoka mbali ndani ya boksi.

"Nikamwambia Mama Wendy, mimi natoka nyumba ya wachungaji, na kondoo wa kwanza mwenye manyoya nimemwona hapa kwako. Na amekuja bila kondoo." Alichukua sponji mbili, moja ngumu na moja laini, akaacha manyoya.

Jioni hiyo alimweleza Florence jinsi mashine inavyosimama ikisukumwa sana.

"Mashine ya kugoma?" Florence aliuliza. "Umelipa elfu kumi na tatu kwa kitu kinakataa kazi kikisukumwa? Hiyo tuko nayo nyumbani tayari. Inalala upande wa ukuta."

Na hivyo ndivyo tunavyofika asubuhi hii, Umuro juu ya mtungi, chai ikiendelea kupoa.

Esekon amemaliza kuosha. Anachukua mkanda wa karatasi wa kufunika rangi na kumwomba Umuro ainuke.

"Mzee, tuzunguke pamoja. Nionyeshe mikwaruzo yako."

"Yangu? Yote ni ya miiba."

"Kuna ya miiba na kuna yako. Ya miiba nitatoa. Yako nitafunika."

Umuro anamtazama kuona kama anachezewa. Kisha anainuka, na wanaume hao wawili wanazunguka gari polepole. Mlango wa dereva, alama: Esekon anaifunika kwa tabaka tatu za mkanda. Nyuma, karibu na taa, kuna mikwaruzo mitano mifupi iliyopangwa sambamba. Esekon anainua mkono kuipita.

"Hiyo pia," Umuro anasema.

"Hii ni nini?"

"Safari za Moyale, ule mwaka wa kiangazi. Tano." Anaigusa ya mwisho. "Hii nilirudi na mbuzi wanne peke yake. Funika."

Esekon anafunika. Hajui, anasema baadaye, ni mangapi kama hayo aliyoyafuta kwa kitambaa miaka yote hii, ya watu waliokuwa wapole mno kumwambia.

"Na mimi ni Mturkana," anasema. "Sisi pia tunaweka alama kwa ng'ombe. Babu yangu angeiona ile alama kutoka ng'ambo ya mto. Lakini mimi nimezaliwa kando ya lami. Nikiona mkwaruzo, naona kazi."

Saa moja na robo mashine inawaka. Haina mngurumo wa ile ya Mutembei, ina mlio kama wa nyuki waliokubaliana. Esekon anaanza na boneti, kipande kwa kipande, kila kipande hakizidi upana wa magazeti mawili. Mistari minne ya kwenda, minne ya kukata. Anafuta, anatazama kwa pembeni, anarudia. Ni polepole kweli. Mutembei amekuja kuangalia, mikono kifuani.

"Kwa mwendo huo, utamaliza siku ya arusi ya mjukuu wake," anasema.

"Wewe enda upike rangi," Esekon anamjibu bila kugeuka.

Saa mbili na nusu anafika mlango wa dereva. Umuro ameacha mtungi. Amesimama nyuma ya bega la Esekon, karibu kiasi kwamba wakigeuka pamoja watagongana vichwa. Mashine inapita juu ya mkanda, inapita chini yake, inakaribia ukingo wa mlango, karibu na pale rangi ilipoisha mara ya kwanza. Kuna mkwaruzo mmoja wa mwiba hapo, mrefu, mkaidi. Mabega ya Esekon yanashuka. Anaegemea.

Mashine inatikisika, inaguna, inaacha kuzunguka.

"Imeharibika!" Umuro anasema.

"Hapana, mzee."

"Imesimama."

"Imekataa."

"Imekataa nini?"

Esekon anainua mkono, na sahani inaanza tena. "Nilikuwa naanza kuilalia. Kama ile siku."

Umuro anainama, anatazama sahani inavyozunguka, anamtazama Esekon, anaitazama tena sahani.

"Hebu rudia," anasema.

Esekon anaegemea. Inagoma. Anainuka. Inazunguka.

"Wallahi," Umuro anasema taratibu. "Hii ungeazima wakati ule."

Mkwaruzo ule wa ukingoni haukutoka wote. Esekon anauacha. Umebaki mwembamba kama unywele, na anamwonyesha Umuro, badala ya kungoja auone mwenyewe.

"Huu nikiufuata, nafika kwa rangi ya chini. Naomba tuuache hapa."

"Uache," anasema Umuro. "Hata mimi niko na yangu."

Wanapobandua mkanda, alama iko pale, lakini dawa imejipenyeza chini ya karatasi na kujaza mistari yake unga mweupe. Haionekani vizuri. Mutembei anaanza kurudi nyuma kuelekea kwake. Esekon anaingia kibandani, anatoka na mswaki, anapiga magoti na kuisugua kwa maji, mstari baada ya mstari, duara kisha mikato miwili. Inatokea upya, nyeusi kidogo kwa vumbi la zamani, imezungukwa na weupe unaometa kiasi kwamba unaweza kuiona ukiwa upande wa pili wa barabara.

Saa tatu na dakika ishirini anafuta waksi ya mwisho. Gari zima limekula saa tatu bila kidogo. Malipo ni elfu nne, na Esekon anasema akipata magari matatu kama hili kwa wiki ataacha kumsumbua Florence mabega. Anasema kwa sauti ya mtu anayeongea na hewa, maana hapati matatu kwa wiki. Bado hajapata hata moja la mfanyabiashara mwingine. Kila kitu kinategemea mzee anayezunguka pikapu sasa hivi.

Umuro anazunguka mara moja. Anazunguka mara ya pili. Anasimama mlangoni, anaweka ukucha kwenye alama na kuifuata yote, mwanzo hadi mwisho. Anaangalia kidole.

Kisha anafungua mlango, anaingia, anawasha gari. Esekon ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Florence ameacha kuhesabu mandazi.

Dirisha linashuka.

"Jumamosi ni soko Oldonyiro," Umuro anasema. "Gari kama hii ziko kumi, kumi na mbili. Zote miiba. Wataniuliza nani amefanya hii."

"Utasema nini, mzee?"

"Nitasema ni yule aliyefuta mbuzi zangu. Watataka kumwona." Anavuta gia. "Kuja na mashine yako. Stima hakuna, lakini nina jenereta. Nitakuchukua saa kumi na moja, uwe umeamka."

Esekon ana mpango wa kununua jenereta yake mwenyewe kufikia mwisho wa mwaka, awe anaifuata mifugo soko hadi soko: Oldonyiro, kisha Gotu, kisha popote miiba ilipo. Mpango huo umekuja mapema kuliko alivyoupanga.

"Na jenereta yako, mzee, nitakulipa vipi?" anauliza.

Pikapu imeshaanza kusogea. Umuro anatoa kichwa dirishani.

"Jenereta ni bure," anasema. "Petroli utajua mwenyewe."